Mafuta ya Gia kwa Magari ya Zamani: Kwa Nini Namba Kubwa Si Lazima Iwe Bora

Barabara itokayo Mbuyu wa Mjerumani kwenda Mbulu hupita katika bonde la Ziwa Manyara, kisha pale Magara huanza kuupanda ukuta wa Bonde la Ufa mpaka kwenye nyanda za juu. Njia ya Dareda kwenda Dongobesh nayo huupanda ukuta huohuo. Kitunguu saumu cha Bashay, maharage, mifugo, wanafunzi wanaokwenda shule za bweni na wagonjwa wanaopelekwa hospitali, wote hupita katika miteremko ya namna hiyo. Magari yanayoifanya kazi hiyo katika wilaya za Mbulu na Hanang si mapya yote. Miongoni mwake zimo Land Rover na Land Cruiser za zamani, pamoja na malori yaliyokwisha kupita mikononi mwa wenyewe watatu au wanne. Gia zake hubadilishwa kwa mkono.

Mwenye gari la namna hiyo akienda dukani kununua mafuta ya gia huonyeshwa makopo mawili. La kwanza limeandikwa SAE 90, GL-4. La pili limeandikwa SAE 85W-140, GL-5. Muuzaji humshauri achukue la pili, kwa kuwa namba zake ni kubwa na bei yake iko juu. Mnunuzi hukubali, humimina mafuta hayo katika giaboksi, na baada ya muda hushangaa kuona gia zinakwaruza na kukataa kuingia, hasa asubuhi.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini ushauri huo haufai kwa giaboksi nyingi za zamani. Mambo yanayohusika ni ya fizikia na kemia ifundishwayo katika shule za sekondari, na mengine yanaweza kuonyeshwa darasani kwa vifaa vichache.

Hesabu ya mteremko

Hebu tuanze na swali la usalama. Tuchukulie kwamba Land Rover yenye tungamo la kilo 2,400, pamoja na abiria na mizigo, inateremka kimo cha mita 600. Nishati tuli inayopotea ni tungamo mara mvutano wa dunia mara kimo, yaani 2,400 × 9.8 × 600, ambayo ni jouli milioni 14 hivi. Nishati hiyo yatosha kuchemsha takriban lita 45 za maji yaliyokuwa na nyuzi joto 20 za Sentigredi. (Katika mji wa Mbulu, ulio zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi.)

Kwa kuwa gari linateremka bila kuongeza mwendo, nishati yote hiyo lazima igeuke joto. Dereva akitegemea breki peke yake, sehemu kubwa ya joto hilo itaingia katika breki. Breki zikipata joto kupita kiasi msuguano wake hupungua, na gari huanza kumshinda dereva. Ndiyo maana madereva wazoefu huteremka kwa gia ya pili au ya kwanza, ili injini ilizuie gari na kubeba sehemu ya mzigo huo.

Lakini ili injini izuie gari, gia ndogo lazima ikubali kuingia inapohitajiwa. Dereva akiondoa gia ya tatu na gia ya pili ikakataa, gari hubaki huru mteremkoni bila kushikwa na injini, na mwendo wake huongezeka kila sekunde. Kwa hiyo mafuta ya gia ni sehemu ya usalama wa gari kama zilivyo breki zenyewe.

Kati ya jino na jino

Meno mawili ya gia yanapokutana hayagusani kwa uso wote. Hugusana kwa ukanda mwembamba sana, na nguvu yote ya injini hupita hapo. Mgandamizo katika ukanda huo unaweza kufikia tani 10 kwa kila sentimita moja ya mraba. Mahali hapo mafuta hutakiwa kubaki kati ya chuma na chuma, yakiwa na unene usiozidi sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa binadamu ni mnene mara kadhaa ya kumi kuliko utando huo.

Mafuta yanafanya kazi tatu. Kwanza, hutenganisha nyuso za chuma. Pili, huchukua joto kutoka kwenye meno na kulipeleka kwenye kuta za giaboksi. Tatu, huondoa chembe za chuma zilizochubuka na kuzituliza chini. Kama kazi ya kwanza ikishindikana, vilele vidogo vya chuma hugusana, hupata joto kali kwa muda mfupi mno, huungana kama vilivyochomelewa, kisha hung'oka. Huo ndio mwanzo wa meno kulika.

Ringi ya shaba

Sasa tuangalie sehemu ya pili ya giaboksi, ambayo wauzaji wengi hawaifikirii. Katika giaboksi ya kawaida meno ya gia za mbele yameshikana wakati wote. Kubadilisha gia ni kuifunga gia moja kwenye shafti yake ili zizunguke pamoja. Lakini gia na shafti huwa zinazunguka kwa mwendo tofauti, na zikilazimishwa kufungana kabla ya kulingana, meno ya kufungia hugongana na kutoa ule mkwaruzo tunaoufahamu.

Kazi ya kulinganisha mwendo hufanywa na ringi ndogo, ambayo katika magari mengi ya zamani imetengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba na zinki. Upande wa ndani wa ringi hiyo una umbo la pia na una mifereji myembamba. Dereva anaposukuma mkono wa gia, ringi hukandamizwa juu ya pia ya chuma iliyo kwenye gia. Mifereji huyafuta mafuta, shaba hukamata chuma, na msuguano wake huiharakisha gia au kuipunguza mwendo mpaka ilingane na shafti. Hapo gia huingia bila kelele.

Si kila gari la zamani lina ringi hizo kwa gia zote. Land Rover zilizotangulia Series III zilikuwa na ringi kwa gia ya tatu na ya nne tu. Series III, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1971, ilikuwa nazo kwa gia zote nne za mbele.

Msomaji ataona sasa tatizo lenyewe. Meno ya gia hutaka msuguano uwe mdogo iwezekanavyo. Ringi hutaka msuguano uwepo, kwani bila huo haina kazi. Mafuta ni yaleyale, ndani ya sanduku lilelile, nayo yanatakiwa kuyatimiza mahitaji mawili yanayopingana. Mafuta mazuri ya giaboksi ni yale yaliyopimwa yafae pande zote mbili, wala si yale yanayoteleza kupita yote.

Namba ya kwanza: mnato

Namba zinazofuata herufi SAE huonyesha mnato, yaani jinsi mafuta yanavyokataa kutiririka. Herufi hizo ni za chama cha wahandisi wa magari cha Marekani kilichoweka vipimo hivyo. Mnato hupimwa mafuta yakiwa na joto la nyuzi 100, na kizio chake ni sentistoksi. Vipimo vya leo ni kama ifuatavyo:

Mafuta ya gia SAE 80: kuanzia 8.5 hadi chini ya 11
Mafuta ya gia SAE 90: kuanzia 13.5 hadi chini ya 18.5
Mafuta ya gia SAE 140: kuanzia 24 hadi chini ya 32.5
Mafuta ya injini SAE 40: kuanzia 12.5 hadi chini ya 16.3
Mafuta ya injini SAE 50: kuanzia 16.3 hadi chini ya 21.9

Tarakimu hizi zinaonyesha jambo ambalo huwashangaza wengi. Mafuta ya gia SAE 90 hayana mnato mara mbili ya mafuta ya injini SAE 40. Yamo katika eneo moja na mafuta ya injini ya 40 na 50. Mizani za injini na za gia ni mbili tofauti, na namba za mizani moja hazilinganishwi na za mizani nyingine. Ndiyo maana baadhi ya watengenezaji, kama Peugeot kwa giaboksi ya 504, waliweza kuagiza mafuta ya injini yatumike katika giaboksi bila madhara.

Herufi W ni ya neno la Kiingereza lenye maana ya majira ya baridi. Mafuta ya 80W hupimwa kwenye baridi ya nyuzi 26 chini ya sifuri, na ya 85W kwenye nyuzi 12 chini ya sifuri. Baridi ya namna hiyo haipo katika barabara zetu. Hata hivyo, asubuhi za Juni na Julai katika nyanda za Mbulu, joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 10, na mafuta ya 140 huwa mazito mno wakati huo. Ringi haiwezi kuyafuta upesi, gia hukwaruza, na dereva hulazimika kusubiri mpaka giaboksi ipate joto. Mafuta ya 80W-90, au 90 ya kawaida, yanatosha kwa magari mengi ya zamani katika eneo hili.

Wapo wanaochagua 140, au hata kuchanganya mafuta na grisi, ili kupunguza kelele za giaboksi iliyochakaa. Kelele huweza kupungua, lakini jino lililolika na ringi iliyokwisha havirudishwi na mafuta mazito. Kinachopotea ni ile dalili iliyokuwa ikimwonya mwenye gari.

Namba ya pili: kemia

Herufi GL na namba yake huonyesha nguvu ya kemikali zilizotiwa ndani ya mafuta. Makundi haya yaliwekwa na taasisi ya petroli ya Marekani, API. Yanayopatikana zaidi madukani leo ni GL-4 na GL-5.

Katika miaka ya 1920 watengenezaji wa Marekani walianza kutumia katika difu gia za aina mpya, ambazo pinioni yake imeshushwa chini ya kitovu cha gia kubwa. Mpango huo huliwezesha gari kuwa chini na gia kuwa kimya, lakini meno hayabingirishani tu. Huburutana kwa nguvu katika urefu wake wote. Mafuta ya kawaida hayawezi kuhimili hali hiyo, na ndiyo yaliyofanya kemikali kali zihitajike.

Kemikali hizo zina salfa na fosforasi. Mahali meno yanapogusana na kupata joto kali, kemikali huvunjika na salfa huungana na chuma kufanya utando mwembamba wa salfaidi ya chuma. Utando huo ni laini kuliko chuma chenyewe. Hukatika kwa urahisi, hivyo meno huteleza badala ya kuungana na kung'oka. Ukikatika, mwingine hufanyika. Herufi EP katika makopo na vitabu vya magari ya zamani humaanisha mafuta yenye kemikali za namna hii. GL-5 yana kiasi kikubwa zaidi. Kwa kawaida GL-4 hubeba takriban nusu ya kiasi hicho.

Mkulima wa Bashay anaijua salfa ingawa huenda hakuambiwa jina lake. Harufu kali ya kitunguu saumu hutokana na michanganyiko ya salfa, na harufu ya mafuta ya gia yaliyotoka kufunguliwa hutokana na salfa vilevile. Sasa, salfa haiungani na chuma tu. Huungana na shaba pia, tena kwa urahisi, na kufanya salfaidi ya shaba yenye rangi nyeusi. Katika difu utando juu ya chuma ni kinga. Katika giaboksi utando huo juu ya ringi ni ulaji: uso wa shaba huwa mweusi, hukwanguliwa kila gia inapobadilishwa, kisha shaba mpya hufunuliwa na kuliwa tena.

Ni haki kueleza kwamba si kila GL-5 huila shaba kwa kiasi kimoja. Watengenezaji wengi wa leo hutia kemikali za kuikinga. Hata hivyo lipo tatizo la pili. Mafuta yaliyotengenezwa kwa ajili ya difu huweza kuzifanya nyuso za ringi na pia ziteleze mno, na ringi ikiteleza haiwezi kulinganisha mwendo. Ringi inaweza kuwa nzima, yenye rangi nzuri, na gia bado ikakwaruza.

Kwa hiyo 4 na 5 hazifanani na alama za mtihani, ambapo aliyepata 5 amemzidi aliyepata 4. Zafanana zaidi na namba za vyumba: kila chumba kina kazi yake.

Namna ya kuchagua

Mwenye gari la zamani anaweza kufuata utaratibu huu:

1. Atafute kitabu cha gari. Mtengenezaji ndiye anayejua madini ya ringi na aina ya meno. Magari kadhaa ya Toyota huruhusu GL-4 au GL-5. Mengine huagiza mafuta ya injini. Agizo la kitabu hushinda kanuni yoyote ya jumla, pamoja na ya makala haya.

2. Kitabu kikisema EP 90 bila kutaja GL, kama kilivyo kile cha Land Rover Series III, achague GL-4 yenye mnato wa 90 au 80W-90 kwa giaboksi.

3. Difu yenye pinioni iliyoshushwa itiwe GL-5. Mafuta yanayobaki katika kopo la difu yasimiminwe kwenye giaboksi kwa sababu tu yamebaki. Hili ndilo kosa linalotokea mara nyingi.

4. Asinunue mafuta yaliyomiminwa katika chupa zisizo na maandishi. Macho hayawezi kutofautisha GL-4 na GL-5, wala 90 na mafuta ya injini yaliyochujwa. Kopo liwe limefungwa na liwe na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania.

5. Wakati wa kubadilisha, gari lisimame mahali tambarare, mafuta yakiwa na joto kidogo. Afungue kwanza kizibo cha kujazia, ndipo afungue cha kumwagia. Kizibo cha kujazia kikigoma baada ya giaboksi kumwagwa, gari halitaondoka hapo. Ajaze mpaka mafuta yaanze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia.

Mafuta yanayotoka yachunguzwe kabla ya kumwagwa. Unga laini wa kijivu ni uchakavu wa kawaida wa chuma. Chembe za manjano zinazometameta ni shaba ya ringi au ya bushi, nazo ni onyo. Vipande vinavyoweza kushikwa kwa vidole ni meno, na gari lisiteremke mlima mpaka fundi alitazame. Mafuta yenye rangi ya chai ya maziwa yameingiwa na maji, jambo la kutazamiwa kwa magari yanayovuka mito wakati wa masika; hayo yabadilishwe mara moja, hata kama kilomita zake hazijatimia.

Majaribio mawili ya darasani

La kwanza ni la mnato. Chukua silinda mbili ndefu za kioo zinazolingana. Moja itiwe mafuta ya 90 na nyingine ya 140. Zitumbukize katika ndoo ya maji ya nyuzi 15 kwa nusu saa. Dondosha gololi ndogo kabisa ya chuma katika kila silinda, upime muda wa kushuka sentimita 20. Rudia mara tano na utafute wastani. Kisha rudia yote katika maji ya nyuzi 40. Wanafunzi wachore grafu na kueleza ni mafuta gani yaliyoathiriwa zaidi na baridi. Kanuni ya mwendo wa gololi katika kiowevu ilielezwa na George Stokes mwaka 1851.

La pili ni la shaba, nalo linafuata njia inayotumiwa katika maabara za mafuta. Menya waya wa umeme wa shaba, uusugue kwa msasa laini mpaka ung'ae, uukate vipande vitatu. Tia kimoja katika neli yenye GL-4, cha pili katika GL-5, na cha tatu katika mafuta ya cherehani. Simamisha neli zote katika sufuria ya maji yanayochemka kwa saa sita, ukiongeza maji yanapopungua. Neli zisiwekwe juu ya moto moja kwa moja, madirisha yawe wazi, na maji yasiingie ndani ya neli. Futa vipande kwa kitambaa na ulinganishe rangi zake. Katika maabara shaba hukaa saa tatu kwenye joto la nyuzi 100 au zaidi. Kwa kuwa maji ya Mbulu huchemka chini ya hapo, sisi tunaongeza muda. Hilo lenyewe ni swali zuri kwa wanafunzi: kwa nini joto likipungua muda lazima uongezwe?

Hitimisho

Mtu aliyeona vipande vitatu vya waya vikiwa na rangi tatu hatahitaji kuambiwa tena na muuzaji kwamba namba kubwa ndiyo bora. Atauliza maswali mawili: mnato wa namba gani, na kemia kwa ajili ya kazi gani? Wengi wa wanafunzi wetu hawatakuwa wahandisi. Lakini kila mmoja wao atapanda gari litakaloteremka Magara au Dareda, na wengine watakuwa ndio wenye gari, au ndio watakaotumwa dukani kununua mafuta. Maswali hayo mawili hayana gharama, na kitabu cha gari na maandishi ya kopo vyatosha kuyajibu.